Eti Hephaestion ni "dawa ya minyoo"! Huyu mtu ananitafuta nini?

Wakuu, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Jina sitaji, mnamjua. Yule anayesoma aya mbili halafu anatoa hukumu ya sura kumi na nne.

Miezi mitano naandika hadithi ya Kirk na Spock, nahodha na msaidizi wake kwenye Star Trek, ile tamthilia ya chombo cha anga. Nimekonda mpaka mama mdogo akaniuliza kama nina sukari. Nimeijenga juu ya Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, na Hephaestion, kipenzi chake wa karibu kuliko wote, na sikuota mimi: Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, aliwahi kuulizwa kuhusu mfanano huo huo na hakuukana. Alisema upendo mzito upo, ila wa kimwili hawakuuonyesha.

Sasa sura ya tisa. Baada ya vita vya Issus, 333 KK, mama yake Dario, mfalme wa Uajemi aliyeshindwa na Alexander, alimpigia magoti Hephaestion akidhani ndiye mfalme, kwa vile alikuwa mrefu zaidi. Bibi wa watu akaona aibu. Alexander akamtuliza: hujakosea mama, huyu naye ni Alexander. Mimi nikaihamishia kwenye chombo cha anga, balozi wa sayari anamwinamia Spock, Kirk anacheka. Nililia nikiandika, wallahi.

Nikaiweka kundini. Dakika mbili tu. "Hephaestion ndo nini, dawa ya minyoo?"

DAWA YA MINYOO. Watu wakacheka, msimamizi wa kundi naye akaweka kicheko! Mtu aliyefia mji wa Ecbatana, Uajemi, 324 KK, Alexander akaamuru mpaka farasi na nyumbu wanyolewe singa kwa msiba, leo anamezwa vidonge viwili kabla ya kulala. Minyoo, jamani.

Kaa_la_Moto: Dozi ya watu wazima tu au na watoto?

Shangazi wa Zuhura: Pole mleta uzi. Ila tusidanganyane, hata mimi nilidhani dawa. Ya ng'ombe.

Mleta uzi: Ya ng'ombe tena!!

Nahodha Mstaafu: Afadhali wewe umechekwa. Mimi niliwafanya Achilles na Patroclus, wale mashujaa wa vita vya Troy kwenye utenzi wa Homer, marubani, akaja mjuaji: "Homer hakusema ni wapenzi." Najua hakusema! Aeschylus, mwandishi wa tamthilia, ndiye alisema, halafu kwenye kitabu cha mwanafalsafa Plato, Phaedrus yuko karamuni anambishia Aeschylus nani kati yao alikuwa mpenzi na nani mpendwa. Ubishi wetu huu huu, bila bando.

Mleta uzi: Na Alexander alipofika Troy 334 KK aliweka shada kaburini kwa Achilles, Hephaestion akaweka kwa Patroclus. Yaani kapo inaigiza kapo! Shabiki namba moja ni Alexander. Halafu mtu aniambie minyoo.

Jozi150: Huyo Alexander wenu mimi simlilii. Nilipandisha Kikosi Kitakatifu cha Thebes, askari wa Kigiriki waliopigana wapenzi wawili wawili, chote chomboni, jozi 150, wanaume 300. Nikaambiwa "wahusika wamezidi". Na aliyewamaliza kwenye vita vya Chaeronea 338 KK nani? Philip, baba yake Alexander, na Alexander mwenyewe akiwa na miaka 18. Mnaandika mapenzi ya muuaji wa mashujaa wangu.

Kaa_la_Moto: Wahusika 300 mkuu? Hicho chombo cha anga au treni ya Kigoma?

Jozi150: Ndo maana sipendi humu.

Ustadhi wa Pwani: Samahani, Alexander huyu ndiye Iskandar Dhulkarnaini?

Nahodha Mstaafu: Tumekwisha.

Mwana Mvita: Siye. Dhulkarnaini alikuwa mcha Mungu, huyo wenu aliabudu masanamu. Msimwingize kwenye vyombo vyenu vya anga.

Ustadhi wa Pwani: Wapo waliosema ndiye.

Mwana Mvita: Wapo na waliowajibu. Leta hoja.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Mimi nimetukanwa. Dawa ya minyoo.

Shangazi wa Zuhura: Umenikumbusha, ile ya kutafuna ya watoto siku hizi bei gani? Wangu ana miaka sita, kila akilala anasaga meno.

Kaa_la_Moto: Usinunue, subiri wapite shuleni kugawa.

Shangazi wa Zuhura: Wakija anaificha shavuni, akifika nyumbani anampa paka.