Mimba kutoka mfululizo kumbe ni kinga ya mwili: tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Mimba tatu zimenitoka. Nimesafishwa mirija, nimemezeshwa dawa za PID (maambukizi ya via vya uzazi), wifi akamalizia kwa kusema nina jini mahaba. Mwaka jana viungo vikaanza kuvimba, mashavu yakaota mabaka mekundu, ndipo daktari mmoja akaandika vipimo vya kingamwili. Ni lupus, yaani kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na juu yake kingamwili za antifosfolipidi zinazogandisha damu. Kumbe damu ilikuwa inaganda kwenye kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula. Mfuko wa uzazi hauna shida yoyote! Kipimo kilirudiwa baada ya wiki 12, kikaja vilevile. Naambiwa lupus itulie kwanza miezi 6 ndipo nitafute mtoto. Aliyepita huku aniambie.

Mama Kitindamimba: Pole mdogo wangu. Mimi ni hiyo ya kuganda damu tu, lupus sina. Nilimeza aspirini ndogo ya miligramu 75 na kujichoma heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, tumboni kila siku, hadi tumbo likawa na madoa kama kanga. Mume akiona sindano anakimbilia sebuleni. Gharama usiulize, tuliuza pikipiki. Mtoto alitoka wiki ya 36, leo ananivunjia rimoti.

Binti wa Pwani: Mimi nilipoona mistari miwili niliacha dawa zote kwa woga. Kosa kubwa. Haidroksiklorokwini, ile dawa ya kutuliza lupus, ilikuwa ya kuendelea nayo. Lupus ikaamka, figo zikaingia matatani. Methotreksati, dawa nyingine ya kupunguza kinga, ndiyo ya kuacha mapema kabla hujabeba kwa sababu inadhuru mimba. Kwa hiyo uliza dawa mojamoja kwa jina lake.

Kimya Kingi: Yangu haina mtoto mwishoni. Lupus ilishika figo, nikatundikiwa siklofosfamaidi, dawa kali ya kushusha kinga, kuziokoa nikiwa na miaka 29. Hedhi ikakata, nikafurahi nikidhani nimenasa. Kumbe mayai yameungua. Sijutii figo zangu, ila hakuna aliyeniambia kabla. Ulizeni kabla ya dripu ya kwanza.

Mtoa mada: Kimya Kingi, nimekusoma mara tatu. Pole dada. Mama Kitindamimba, sindano unachoma wapi, na uliacha lini?

Mama Kitindamimba: Pembeni, mbali kidogo na kitovu, leo kulia kesho kushoto. Baada ya kujifungua niliendelea wiki 6. Na uzazi wa mpango usikubali vidonge vyenye estrojeni, vinagandisha damu. Waambie una nini, wasipouliza.