Klabu au kilabu: tupime kwa sikio la nani?

Mtoa mada: Wapo wahariri wanaokata "klabu", "skrubu" na "springi" kwa hoja moja tu: silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu. Je, hoja hiyo inatosha kulikataa neno? Mimi nasema haitoshi. Tuna lab-da, daf-ta-ri, mak-ta-ba, sul-ta-ni. Hata katika "mtu", m ni silabi kamili isiyo na irabu, tena ndiyo inayobeba mkazo.

Mwalimu wa fonolojia: Ndugu, umechanganya sehemu tatu za neno. Mwisho hauna mjadala: alf ya Kiarabu ikawa elfu, waqt ikawa wakati, bank ya Kiingereza ikawa benki. Katikati Kiarabu kimetulegeza, ingawa hata huko arbain ilipachikwa irabu ikawa arobaini. Vita viko mwanzoni. "Dereva" limepata irabu kati ya d na r. "Treni" limeachwa na tr yake. Zanzibar wanasema skuli bila kukwama. Kwa hiyo kl haiwezi kukataliwa kwa kanuni ambayo tr na sk zimeshaivuka.

Mhariri: Mwalimu, mgawanyo huo naukubali, ila kuna sarufi. "Kilabu" lilipopata i, ki- ikasomeka kama ya kitabu, tukapata vilabu. "Klabu" halina pa kushika: klabu hii, klabu hizi. Irabu moja imelipatia neno ngeli ya ki-vi! Halafu hiyo "labda" unayoitegemea, ndugu mtoa mada, wapo watu wa bara wanaoitamka "labuda". Kiunguja ndicho msingi wa Kiswahili sanifu, sawa, lakini sikio la Unguja si sikio la kila mzungumzaji.

Mtafiti wa matamshi: Basi pimeni, msibishane kwa mifano ya kamusi. Tungeni maneno 24 yasiyokuwepo: 8 ya kawaida kama "temogu", 8 yenye kl, st au bd, na 8 yanayoishia kwa konsonanti. Changanyeni mpangilio, wasikilizaji wayape alama 1 hadi 5. Swali lisiwe "neno hili lipo?" bali "lingeweza kuwa la Kiswahili?", la sivyo yote yatapata 1.

Yasiandikwe kabisa, maana herufi hudanganya: mbuzi ni silabi mbili, mbu-zi, mbunge ni tatu, m-bu-nge. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Epukeni pia "mbezu". Litapandishwa alama na Mbezi ya Dar es Salaam, si na sauti zake. Na kabla ya kuanza, sikilizeni rekodi: msomaji akiteleza akasema "kilopa" badala ya "klopa", mtakuwa mmepima neno jingine.

Mhariri: Ongeza jambo moja. Baada ya kutoa alama, kila msikilizaji alirudie neno kwa sauti. Atakayeipa "klopa" 5 kisha akatamka "kilopa", alama yake ihesabiwe kando.

Mtoa mada: Hilo nalikubali, na wasiojua Kiingereza wawe kundi lao peke yao.