Tupeane uzoefu: mhina wa uani na rangi yake

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Hina ya pakiti imejaa madukani, nayo nyingine haikolei hata ukeshe nayo mkononi. Naomba wenye mihina majumbani watueleze wanaipanda vipi na rangi wanaikoleza vipi. Naanza mwenyewe. Wetu uko uani hapa Ng'ambo, kando ya ukuta unaopigwa na jua kutwa. Ukiachwa hupita kimo cha mtu, majani yake madogo hutoka mawili mawili, na matawi makongwe huwa na ncha kali, jambo linaloufanya ufae kwa uzio. Maua yake meupe hutoka kwa vishada na kunukia mno, kisha hufuata vitunda vya mviringo vyenye mbegu nyingi ndogo. Sisi tunaukata mara kwa mara, kwa kuwa majani machanga ya machipukizi ndiyo yenye rangi nyingi.

Mkulima wa Makunduchi: Waalaykum salaam. Huku kwetu ardhi ni ya mawe na udongo ni wa kuokoteza kwenye mianya, lakini mhina hustahimili. Mimi hupanda vipande vya matawi yaliyokomaa mwanzoni mwa masika, kwani mbegu huchelewa kuota. Ukishashika, maji si shida yake. Kinachoudhuru ni maji yaliyotuama kwenye mizizi. Majani ninayoyachuma wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, hukoza kuliko ya msimu wa mvua.

Mama wa Chake Chake: Namuunga mkono ndugu yangu wa Makunduchi kuhusu jua, ila majani yakishachumwa yaanikwe kivulini. Hapa kwetu huyatwanga kwenye kinu, tukayachunga kwa kitambaa chepesi mpaka unga uwe laini, kwa sababu unga wenye chenga huziba koni, kile kifuko cha kuchorea, na kuharibu maua anayoyachora mchoraji. Kisha tunaukanda kwa maji ya ndimu na kuufunika kwa saa kadhaa ili rangi itoke. Bibi harusi hulala nayo, na asubuhi huikwangua bila kuosha kwa maji. Mwanzo huonekana rangi ya chungwa, na wengine huingiwa na hofu, lakini baada ya siku mbili hivi hugeuka nyekundu iliyoiva, hasa viganjani na nyayoni ambako ngozi ni nene. Anayetaka weusi wa piko, ile dawa ya nywele nyeusi ambayo wengine huchorea ngozini, usiku uleule anataka kitu ambacho mhina hauna.

Mkunga: Hilo la piko, shangazi, nalisisitiza. Dawa nyingi za kutia nywele weusi zina kemikali iitwayo PPD, ambayo ikipakwa kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge na makovu, na aliyewahi kudhurika nayo huweza kudhurika tena kila anapopaka rangi ya nywele. Hata hina safi ina mipaka yake. Mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, na zaidi mtoto mchanga, huweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa kupakwa hina, akapata manjano na upungufu wa damu. Kwa hiyo watoto wachanga wasipakwe kabisa, na mwenye upungufu huo amwone daktari kabla ya kujipamba.