Moshi wa jenereta ya jirani na pumu ya mwanangu

MamaNassor: Assalaam alaykum. Nina fremu ya kushona Mji Mkongwe, kichochoro chenyewe chembamba. Umeme ukikatika tu, jirani anawasha jenereta ya dizeli, na bomba la moshi linatazama dirisha langu. Nikipangusa kitambaa cheupe, mkono unatoka na masizi. Mwanangu ana pumu, akitoka chuo cha Kurani hushinda kwangu, na siku hizo usiku kifua kinalia. Jirani ni mtu mzima, namwita baba. Anasema moshi wa kuni tumeuvuta tangu tuzaliwe. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima?

Muuguzi_Ng'ambo: Wa alaykum salaam, dadaangu. Masizi unayoyaona ni afadhali. Yanayomuumiza mtoto ni yale yasiyoonekana, chembe za chini ya maikroni 2.5, na unywele mmoja ni kama maikroni 70. Pua haizizuii. Zinafika mwisho wa mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana huyo baba naye, kama ana presha au moyo, zinamhusu. Mwambie mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha kansa. Kuhusu kuni, ni kweli tumeuvuta, na wodini tunawaona mama zetu walivyoharibika vifua. Mtoto mrudishe kliniki. Kama anavuta dawa ya kutuliza mara kwa mara, huenda anahitaji ile ya kinga ya kila siku.

FundiDizeli: Moshi ukiwa mweusi, jenereta ina tatizo. Filta ya hewa imeziba, nozeli za kupulizia mafuta zimechoka, au imebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Inakula mafuta bure, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mzee. Bomba lipandishwe lipite paa. Na asije akaiingiza ndani kuzuia kelele! Kaboni monoksaidi haina harufu, inaua watu wamelala. Ule waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipoharibika Desemba 2009, Unguja tukakaa miezi mitatu gizani, jenereta zilikuwa kila kibaraza na hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa zaidi.

MamaNassor: Ahsanteni sana. Nitamwendea baada ya Alasiri, na bomba niko tayari kuchangia. Ila fundi, nyumba ni ya boriti, bomba la moto halitaunguza mbao?

FundiDizeli: Lipite nje ya ukuta, lisiguse boriti popote, na juu liwekwe kofia mvua isiingie.