Massey Ferguson 135: klachi haikati, naitoaje?

Jembe_Kuukuu: Wakuu habari zenu. Nina MF 135 la zamani, injini ya Perkins ya silinda tatu, klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu inakata mwendo, ukizamisha hadi chini inakata na PTO (shafti ya nyuma inayoendesha zana). Lilikaa bandani muda mrefu. Linawaka vizuri, ila nikikanyaga klachi gia zinasaga, haziingii. Kanyagio nimeshalirekebisha, hola. Klachi za magari nimefungua, trekta bado. Naanzia wapi?

Spana_19: Usifungue kitu kwanza mkuu. Trekta likikaa sana, pleti (sahani ya klachi) inagandana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu. Vuta kizimio ili injini isiwake, weka gia kubwa, zamisha kanyagio, livutwe kidogo kidogo na trekta jingine. Mara nyingi inaachia. Asisimame mtu mbele wala kati ya matrekta.

Fundi Mkongwe: Spana_19 kasema kweli. Ikikataa, ndipo ulipasue katikati, yaani utenganishe injini na giaboksi. Usilichukulie kama gari: hili halina chesisi, injini na giaboksi ndiyo uti wa mgongo wake. Ukizitenganisha, mbele inabaki juu ya ekseli inayobembea kwenye pini moja. Kwa hiyo kabla ya nati ya kwanza, gongomea kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na bracketi yake, kushoto na kulia. Mafundi wengi wanaruka hapa, na injini ikilala ubavu hakuna wa kuishika.

Magurudumu ya nyuma yazuie, giaboksi iwekee stendi imara (si matofali!), chini ya sampu (bakuli la oili la injini) weka jeki ya magurudumu. Toa waya za betri, boneti, tanki, fito za usukani, waya na kebo zote zinazovuka maungio. Kisha toa boliti zinazozunguka maungio, sukuma nusu ya mbele taratibu. Ikikwama usiichokonoe na mtaimbo, rekebisha kimo cha jeki hadi uwazi ulingane juu na chini.

Jembe_Kuukuu: Shukrani mkuu. Na klachi yenyewe?

Mama Trekta: Weka alama kwenye kava la klachi na flaiwili, halafu legeza boliti zinazolishika kwa zamu, kila moja kidogo, usimalize moja. Likishatoka, kava lenyewe usilifungue vipande bila boliti tatu ndefu za kubana. Springi zake zikifyatuka zinavunja vidole.

Kurudisha ndiko kunakochosha. Pleti ni mbili na shafti ni mbili, moja ndani ya nyingine, kwa hiyo zisimamishe pleti katikati kwa shafti ya zamani au kifaa chake. Zisipolingana, nusu mbili hazikutani. Usizivute kwa boliti, utapasua kitovu cha pleti. Ukiwa humo badilisha rilisi beringi (inayosukuma klachi ukikanyaga) na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Ukikuta oili, tafuta sili inayovuja kabla ya kuweka pleti mpya.

Jembe_Kuukuu: Naanza na kulivuta. Nitaleta mrejesho.