Mbio za magari hazijafa, zimefichwa: malalamiko yangu kutoka Tanga

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo tangu Jumapili, limenikaa kooni, na leo nalitoa bila kumung'unya maneno.

Jumamosi iliyopita magari ya rali yalipita kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu. Kituo kimoja cha televisheni kilitangaza wiki nzima kwamba kitarusha mubashara kuanzia saa 8 mchana. Mimi nilikuwa na zamu kazini, shambani nisingewahi. Nikaongea na jamaa mwenye banda umiza, kibanda cha kuonyesha mpira na filamu, pale Ngamiani, nikamlipia king'amuzi cha mwezi mzima kwa pesa yangu, maana chaneli yenyewe haimo kwenye kifurushi cha bei ya chini. Nikaita watu. Tulifika kama 30, wengi watoto wa mtaani, na mwanangu wa miaka 9 amekaa mbele kabisa, kigari chake cha waya kimelala mapajani.

Saa 8 ikafika. Marudio ya mjadala wa soka! Wachambuzi wanne mezani wanabishania penalti ya mechi iliyokwisha siku tatu nyuma. Saa 8 na nusu, wale wale. Saa 9 nikapiga namba yao inayopita chini ya kioo. Kijana akanijibu, tena kwa upole: "Kaka yangu, ratiba imebadilika. Na ukweli ni kwamba magari hayana watazamaji siku hizi, watu wanataka Simba na Yanga."

Watoto wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Mwenye banda akaweka filamu. Usiku, kwenye taarifa ya habari, zikatoka sekunde kama 40: mtu anakabidhiwa kikombe, mdhamini anahutubia, gari nyuma yao limesimama. Limesimama, jamani! Hata gurudumu moja likizunguka hawakuonyesha. Jina la msoma ramani halikutajwa kabisa, utadhani dereva alikuwa peke yake humo ndani, wakati bila yule anayemsomea kona hata moja asingeipita kwa mwendo ule.

Sasa hiyo kauli ya "magari hayana watazamaji" ndiyo iliyoniuma kuliko pesa ya kifurushi. Ni uongo. Wenzangu waliokuwa shambani walinipigia mchana huo huo, nikisikia kelele nyuma yao, wakisema watu wamejipanga njia nzima, wengine wamepanda miti. Hao ni kina nani kama si watazamaji?

Mimi nimezaliwa hapa hapa. Mara ya kwanza kuona rali, marehemu baba alinibeba kwenye baiskeli yake ya Phoenix alfajiri, tukapita Pongwe, tukaingia kwenye mkonge, tukakaa juu ya kichuguu. Mwanzo husikii kitu. Halafu ndege wanaruka wote kwa mkupuo. Ndipo unaisikia injini kwa mbali, inapanda, inashuka, inapanda tena, na lile vumbi jekundu unaliona linakimbia juu ya mkonge kabla hujaliona gari. Likitokea, linatokea ubavu, pua inaangalia shamba na magurudumu yanatupa mawe yanayochapa majani ya mkonge kama mvua. Pumzi moja tu, limepita. Unabaki na vumbi kwenye meno na harufu ya breki zilizoungua. Baba alikuwa na saa ya mkono na peni. Kila gari likipita aliandika muda kiganjani, na tuliporudi nyumbani hakunawa mpaka majirani wote wamesoma nani alikuwa mbele.

Watu waliopenda hivyo hawakupotea. Wamenyimwa.

Na huu si mchezo wa kuletwa juzi. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa ya Afrika Mashariki yote, Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yanavuka mipaka usiku na mchana. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa dereva aliyekuwa akiishi Tanzania hii, Bert Shankland, na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Mara mbili mfululizo! Muulize kijana yeyote pale stendi ya Kange kama amewahi kusikia jina hilo. Hajasikia, na simlaumu. Asikie wapi? Sisi angalau tulikuwa na redio. Miaka ya mwanzo ya 90, Pasaka kwetu ilikuwa ni kukaa barazani na kunasa redio ya Kenya ikitangaza Safari, mtangazaji anataja nani kavunja gia, nani kazama kwenye tope. Hatukuona picha hata moja na bado tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia izimwe hapa Tanga mwaka 2013, tukahamia ving'amuzi, chaneli zimekuwa nyingi hata kuzihesabu ni kazi. Nilidhani sasa ndiyo wakati wa michezo midogo kupata nafasi. Kumbe chaneli zimeongezeka na soka ndilo lililojaa kote: mechi, marudio, mjadala wa mechi, na marudio ya mjadala. Sisemi soka liondolewe. Mimi ni Coastal Union damu, timu yetu ya Tanga, tangu ule ubingwa wa 1988 nilikuwa nabebwa mabegani. Lakini saa tatu za Jumamosi moja kati ya nyingi za mwaka, ndizo zimekosekana?

Watasema gharama. Ni kweli rali ni ngumu kuirusha kuliko soka. Uwanja wa mpira ni mmoja na kamera hazihami, lakini rali ni kilometa kadhaa za barabara ya vumbi, gari moja moja, kwa kupishana dakika. Nakubali. Ila tazameni wenzetu Kenya. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, wakakaa karibu miaka 20, ikarudi 2021. Na pamoja na njia za Naivasha walitengeneza kipande cha Kasarani, Nairobi, kisichofika hata kilometa 5, magari yanaondoka mawili mawili, ili mtu wa kawaida na kamera chache waone kitu. Hapa Tanga ardhi ya namna hiyo haipo? Na siku hizi arusi ya Chumbageni ina droni, kituo kizima cha televisheni kinashindwa droni moja?

Ugonjwa huu wa kuuficha mchezo nyuma ya malipo hauko kwetu tu. Uingereza, ambako Formula 1 ni kama dini, mpaka 2011 BBC ilionyesha mbio zote bure. Mwaka 2012 zikaanza kugawanywa na Sky ya kulipia, na tangu 2019 mubashara karibu zote ziko huko. Lakini mwenzetu wa kule akikosa pesa bado anapata muhtasari wa maana jioni. Mimi nimelipa na nimepewa sekunde 40 za gari lililosimama.

Waandaaji nao wasijifiche nyuma ya televisheni. Ratiba tuliipata Ijumaa usiku kwenye kundi la WhatsApp, picha imefifia, hata jina la kijiji halisomeki. Matokeo yake, aliyekuwa shambani ananiambia mama mmoja alikuwa anavuka na kuni kichwani dakika chache kabla gari la kwanza halijafika, hana habari kuwa njia imefungwa. Mlinzi wa njia alikimbia akamvuta mkono. Mbuzi walikuwa wanachungwa pale pale kwenye kona. Mnakwenda kushindana kwenye njia za watu bila kumwambia mwenyekiti wa kijiji apige mbiu! Siku mtu akigongwa, mchezo utafungiwa, na mtasema tena watu hawaupendi.

Kituo kile kimenipa ahadi ya "kipindi maalumu" wiki ijayo. Siku haikutajwa, saa haikutajwa. Nimepiga tena jana na leo, simu inaita mpaka inakatika.

Mwenye ratiba ya raundi inayofuata, iwe hapa Tanga au Bagamoyo, aiweke humu: tarehe, vijiji, saa za kufunga barabara. Nitaichapa nakala, nibandike Kange, Pongwe na sokoni Ngamiani kwa mkono wangu. Na mwenye kanda za zamani za rali za huku kwetu, hata zile za VHS, aniambie. King'amuzi cha banda bado kina wiki tatu nilizolipia, na wale watoto niliwaambia warudi Jumamosi.