Kikundi cha familia: fomu ya maziwa ya mtoto

Baba Mtoto: Habari za jioni, ndugu zangu. Mtoto bado yuko wodi ya uangalizi maalumu na hali yake inaridhisha kwa njiti mwenye uzito usiofika kilo moja. Maziwa ya mama yake hayatoshi, na daktari ametuletea fomu ya kuridhia apewe maziwa yaliyochangwa na kina mama wengine. Tukikataa, pengo litazibwa kwa maziwa ya kopo ya watoto njiti. Tunaomba mawazo yenu kabla hatujasaini.

Mjomba: Poleni sana. Mimi sijaridhika na maziwa ya mtu tusiyemjua. Ya kopo yana vipimo vinavyojulikana, na watoto wanaoyanywa tunawaona wananenepa. Hayo mengine yakimletea mtoto maradhi, tutamwuliza nani?

Shangazi: Kaka, kazi yangu ya uuguzi imenikutanisha na swali hilo mara nyingi, na ni swali la haki. Mchangiaji huhojiwa kuhusu afya yake, dawa anazotumia na sigara, kisha hupimwa damu kuangalia virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Maziwa yenyewe hupashwa moto wa nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30, na joto hilo huua virusi vya UKIMWI. Baada ya hapo hupozwa haraka na kugandishwa. Maziwa ya kupeana mkononi, yasiyopimwa wala kupashwa moto, nisingeruhusu yamkaribie mtoto huyu.

Mjomba: Nimekuelewa. Na kuhusu kunenepa?

Shangazi: Hapo umesema kweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, uliohusu watoto 483 waliozaliwa mapema mno, ulionyesha kwamba waliopewa maziwa ya kopo waliongezeka uzito haraka kuliko waliopewa ya kuchangwa, na walipopimwa uwezo wa akili walipokuwa na umri wa miaka miwili hivi, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Linalonifanya niegemee upande wa maziwa ya kuchangwa ni utumbo. Kuna ugonjwa ambao utumbo wa njiti huvimba na sehemu yake ikafa, wakati mwingine mtoto akalazimika kupasuliwa, na wengine hufariki dunia. Katika utafiti huo uliwapata takriban asilimia 9 ya waliopewa ya kopo, na asilimia 4 hivi ya wenzao. Uzito unaweza kufidiwa, kwani daktari huongeza kirutubisho chenye protini na madini kwenye maziwa. Utumbo uliokatwa haurudishwi.

Bibi: Mimi namfikiria mkwe wangu. Asije akadhani kwamba maziwa yake hayahitajiki tena.

Shangazi: Mama, hilo ndilo la kusisitiza kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linayaweka maziwa ya mama mzazi mbele, ya kuchangwa yanafuata, na ya kopo ni pale hayo mawili yanapokosekana. Moto unaoua vijidudu hupunguza pia baadhi ya kinga na kuharibu kimeng'enya kinachosaidia kusaga mafuta, kwa hiyo ya kuchangwa hayawezi kulingana na ya mama yake. Wifi, endelea kujikamua usiku na mchana, hata yakitoka matone.

Mama Mtoto: Asante, wifi. Ni matone kweli: leo asubuhi niliyavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hayakufika hata mililita moja, na nesi akampaka mtoto ndani ya mashavu, kwa sababu chakula chenyewe anapewa kwa mpira unaopita puani. Nilimwona akichezesha ulimi.

Mjomba: Basi sina pingamizi. Saini, mwanangu.

Baba Mtoto: Tumesaini. Kesho nitamwuliza daktari kirutubisho kitaanza lini, na maziwa ya kuchangwa yatasimamishwa akifikia umri au uzito gani.

Shangazi: Uliza pia kama kirutubisho hicho kimetokana na maziwa ya ng'ombe au ya binadamu, maana viko vya aina zote mbili.